Kamba ya mita 60 inapoikwepa bustani ya mpwa wa mwenyekiti

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa mwaka wa sita sasa ni katibu wa kujitolea wa jumuiya ya watumia maji katika mojawapo ya vijito vinavyoshuka kutoka Milima ya Uluguru na kuingia Mto Ngerengere. Kijito chenyewe sitakitaja, wala jumuiya yetu, kwa sababu ninayemlalamikia ni mtu ninayemheshimu, na hayupo hapa kujieleza.

Mwenyekiti wetu ni mzee aliyevuka miaka 70. Ndiye aliyetukusanya chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa mwaka ule kijito kilipokauka mwezi wa Septemba, tukawa tunachimba mashimo mchangani ili kupata maji ya kunywa. Miche ya kwanza ya mikuyu aliinunua kwa fedha zake, akaimwagilia mwenyewe asubuhi na jioni hadi ikashika. Ananiita mwanangu, nami humwamkia shikamoo baba, na katika miaka yote hii sijawahi kumjibu kwa sauti ya juu.

Jumuiya yetu ina kamba ya katani yenye urefu wa mita 60, iliyofungwa vitambaa vyekundu kila baada ya mita 10, ambayo hutunzwa nyumbani kwa Mzee ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mwezi wa Juni tulipita nayo bondeni, wajumbe saba wa kamati na vijana wawili wa doria. Tulipofika kwa mama mmoja mjane, mwenye matuta manane ya mchicha na matembele ambayo huyamwagilia kwa ndoo, kamba ilionyesha kwamba matuta yote yamo ndani ya mpaka wa mita 60 kutoka ukingo wa kijito, ambao sheria inataka uhifadhiwe. Mzee akasema sheria ni msumeno, na vijana wakaanza kung'oa. Yule mama hakupiga kelele. Alivua khanga aliyojitanda, akaitandika chini, akawa anaokota mchicha ukiwa bado na udongo kwenye mizizi na kuupanga fungu kwa fungu, ili awahi kuuuza kabla haujanyauka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikiandika jina lake katika kaunta buku.

Hatua chache juu ya hapo, kijito kinapokata kona, ipo bustani ya mpwa wa Mzee, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Ana nyanya, hoho na vitunguu katika eneo linalokaribia nusu eka, matuta yake ya mwisho yako hatua nane tu kutoka kwenye maji, na pampu yake ya petroli huanza kunguruma kabla jua halijachomoza. Tulipofika hapo siku ile, Mzee aliizungusha kamba mkononi akasema jua limekuwa kali, tutamalizia siku nyingine. Sasa ni Agosti na siku hiyo haijafika.

Katika kikao cha Julai mjumbe mmoja aliuliza kuhusu bustani hiyo, na Mzee akajibu kwamba hilo ni suala la ukoo, atalimaliza mwenyewe. Watu walipotawanyika alinifuata nikiwa nafunga daftari, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, hilo usiliandike. Watu wa Bodi ya Maji ya Bonde wakilisoma watatuona hatuna umoja." Sikuliandika. Nimeusaini muhtasari wenye pengo, na kila ninapoufungua macho yangu yanaenda pale pale.

Tangu hapo akina mama wenye bustani hawaji tena mikutanoni wala siku za kupanda miti. Wawili wamerudi kulima kule kule walikoondolewa, na vijana wa doria wakiwafuata hujibiwa waanzie juu. Vijana nao wamenijia nyumbani wakitaka nigombee uenyekiti mwezi wa Desemba, ili tumwondoe Mzee kwa kura na jambo hili liwe ndiyo silaha yetu. Mimi nimechoka. Nauli ya bodaboda kwenda ofisi ya Bonde na vocha za kuwaarifu wajumbe natoa mfukoni mwangu, na juzi mume wangu, ambaye hajawahi kunikataza, aliniuliza kama ninachokitetea ni mto au ni mwenyekiti. Sikuwa na jibu.

Je, nipeleke taarifa Bodi ya Maji ya Bonde bila kumwambia Mzee? Nijiuzulu nikae na watoto wangu? Au nigombee?

Katibu, Morogoro

*

Mwalimu,

Nianze na lile pengo katika muhtasari, kwa kuwa ndilo jambo pekee katika barua yako ambalo liko mikononi mwako moja kwa moja. Katibu wa kujitolea hana mshahara wala nguvu ya kumtisha mtu yeyote. Alicho nacho ni imani ya watu kwamba lililosemwa kikaoni ndilo litakalokutwa daftarini. Ulipokubali kuliruka swali la yule mjumbe, ulimpa Mzee kitu ambacho hakikuwa chako, kwa sababu daftari ni la wanachama wote, akiwamo mjane ambaye jina lake uliliandika bila mtu yeyote kukuomba uliruke. Najua ulifanya hivyo kwa heshima, lakini usiache likae hivyo. Usichane karatasi, wala usichomeke sentensi pembezoni usiku. Muhtasari wa Julai utakaposomwa ili uthibitishwe, simama useme kwamba kuna swali moja ambalo hukuliandika na unaomba liingizwe: kwamba mjumbe aliuliza kuhusu bustani iliyo karibu na maji, na kwamba mwenyekiti alijibu atalishughulikia. Ishia hapo. Maneno ya kulaumu hayana nafasi katika muhtasari, na ukiyaongeza utakuwa umempa Mzee sababu ya kujadili lugha yako badala ya kujadili bustani.

Lakini Mzee asiyasikie hayo kwa mara ya kwanza mbele ya vijana. Nenda kwake siku kadhaa kabla ya kikao, nyumbani, saa ambayo ametulia, ukiongozana na mtu wa rika lake. Ikiwezekana awe mtani wake, kwa kuwa mtani ana ruhusa ya kusema yale ambayo mtoto akiyasema huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Wewe unaishi Uluguru na unajua kuliko mimi uzito wa mjomba na mpwa mahali ambapo ukoo na ardhi hupitia upande wa mama. Mzee anaposema ni suala la ukoo hasemi uongo. Yule kijana kwake ni damu ya dada yake, na kumng'olea nyanya hadharani ni kumwaibisha dada huyo pia. Ukiingia nyumbani kwake ukiwa umekwisha kuamua kwamba ni mzee mwenye hila, hutamwelewa, na yeye atalisoma hilo usoni mwako kabla hujakaa.

Hata hivyo, uzito huo huo ndio unaompa uwezo ambao kamati haina. Kijana wa doria akimwambia mtu aondoe pampu, ni ugomvi. Mjomba akimwambia mpwa wake aondoe pampu, ni neno la kusikilizwa. Mwombe hivyo waziwazi. Kama ningekuwa mimi, ningesema: "Baba, wewe ndiwe uliyetufundisha kazi hii. Tunakuomba ile bustani uimalize wewe kwa kinywa chako kabla kamati haijaifikia kwa kamba, na siku kamati itakapoijadili, utupishe kiti kwa ajenda hiyo moja. Nami nimekuja kukuambia mapema kwamba swali la Julai nitaliingiza katika muhtasari." Kisha nyamaza umpe nafasi. Huenda akakasirika. Huenda pia akapata nafuu, maana viongozi wengi wa aina yake hukaa na mzigo kama huu muda mrefu kwa kukosa mtu wa kuwafungulia njia ya kuutua.

Kupisha kiti si kuvuliwa cheo, na akilichukulia hivyo mweleze kuhusu wakulima wa Valencia, nchini Hispania. Huko kuna baraza la kale linaloamua mashauri ya maji ya mifereji itokayo katika Mto Turia. Hukutana kila Alhamisi saa sita mchana mbele ya mlango wa kanisa kuu, kila kitu husemwa kwa mdomo, na waamuzi ni wakulima waliochaguliwa na wenzao wa kila mfereji. Mwaka 2009 UNESCO ililiingiza baraza hilo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Shauri likihusu mfereji fulani, mwakilishi wa mfereji huo hashiriki katika kuliamua, na hakuna anayemwona kuwa ameshushwa hadhi. Ninyi nanyi mnaweza kuliandika hilo katika katiba ya jumuiya kwa sentensi moja: mjumbe ambaye ajenda inamgusa yeye au ndugu yake hutoka nje hadi uamuzi upatikane. Sentensi hiyo itamlinda Mzee leo, na itakulinda wewe siku shamba la shemeji yako litakapotajwa.

Sasa niseme jambo ambalo hukuniuliza, ingawa barua yako imelibeba. Kamati yenu ilikosea kwa yule mama, na kosa hilo lilikuwapo hata kabla hamjafika kwa mpwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa ukingo huo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inazipa jumuiya kama yenu kazi ya kusimamia, kugawa na kutunza maji ya chanzo kinachotumiwa na wanachama kwa pamoja, kusuluhisha migogoro baina yao, na kukusanya ada kwa niaba ya Bodi ya Bonde. Kung'oa mazao ya mtu papo hapo, bila notisi wala nafasi ya kuvuna, si mojawapo ya kazi hizo. Mlikuwa na wajibu wa kumwonya, kumwandikia, kumpa muda, na akikaidi, kulifikisha suala kwa wenye mamlaka ya kulazimisha. Tena angalieni tofauti ya madhara: yeye alichota kwa ndoo, huku jirani yake akivuta maji kwa pampu kumwagilia mazao ya biashara, jambo ambalo linahitaji kibali cha kutumia maji bila kujali bustani iko mita ngapi. Swali la kwanza kwa mpwa, kabla hata kamba haijafunguliwa, ni kama anacho kibali hicho. La pili ni mahali anapoiweka pampu, kwa sababu petroli na oili zinazodondoka pale ukingoni huishia katika ndoo za watu wa chini.

Mzee alisema sheria ni msumeno, na wanaosema hivyo humaanisha kwamba hukata ukienda na ukirudi. Ninyi mlikata ukienda tu. Mahali penu hapo pana kumbukumbu ya jambo kama hili, na ninaamini mtu wa umri wake amelisikia tangu utotoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Milima ya Uluguru, kwa lengo lililofanana sana na lenu, yaani kuzuia mmomonyoko na kuyaokoa maji yanayoshuka kutoka milimani. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yenye mwinuko mkali, na waliokaidi wakaadhibiwa. Sehemu nyingi matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, mahindi yakadhoofika, na wakulima wakawa wanachimba kwa jasho lao kitu ambacho kiliwapunguzia chakula. Mwaka 1955 walikataa hadharani, pakatokea vurugu, na mpango ukaachwa. Simfananishi Mzee wako na mkoloni. Yeye alipanda mikuyu kwa fedha zake na anakunywa maji yale yale mnayokunywa. Ninachokuomba ukione ni kwamba mlima ule ule, wenye haja ya kweli ya kutunzwa, uliwahi kukosa watunzaji kwa miaka mingi kwa sababu waliotakiwa kuutunza waliona kwamba mzigo wote umewekwa mgongoni mwao peke yao. Akina mama wanaowaambia vijana wa doria waanzie juu wanasema maneno hayo hayo, na wana haki ya kuyasema.

Kwa hiyo waanzieni juu kweli. Kamati ikishakaa, na Mzee akiwa amepisha kwa ajenda hiyo, pangeni tarehe ya kupita upya na kamba kuanzia juu kabisa mnakoishia, mkishuka bila kuruka bustani hata moja, na kamba ile iondoke nyuma ya mlango wa Mzee ikatunzwe katika ofisi ya mtaa. Kila atakayekutwa ndani ya mpaka apewe barua ya maneno yale yale: avune kilichopo shambani, asipande kipya, na pampu iondoke ukingoni mara moja. Mpwa atavuna nyanya zake kama wengine watakavyovuna mchicha wao. Ukanda utakaoachwa wazi msiuache mtupu, maana ardhi tupu kando ya maji hurudiwa na jembe kabla ya masika. Pandeni mabingobingo yatakayokatwa na kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na wa kwanza kupewa haki ya kuyakata wawe wale waliopoteza bustani. Katikati yake ingizeni mikuyu na mianzi. Mikaratusi msiikaribishe hapo, hata mkipewa miche ya bure.

Kuhusu Bodi ya Bonde, usiende kunong'ona. Jambo likipita kikaoni na likatekelezwa, Bodi italisoma katika muhtasari kama habari ya jumuiya iliyojirekebisha, na hofu ya Mzee kwamba mtaonekana hamna umoja itakuwa haina msingi. Likikwama, kwa maana kwamba Mzee amekataa kupisha, au mpwa amepuuza barua na kamati imeshindwa, basi andikeni barua ya kamati, isainiwe na wajumbe wengi iwezekanavyo, ikiambatana na mihtasari, na nakala apewe Mzee mkononi siku ile ile inapopelekwa. Hapo utakuwa umekwenda juu kwa mlango wa mbele.

Usijiuzulu sasa hivi. Ukiondoka wiki hii, muhtasari wa Julai utabaki na saini yako na pengo lake, na atakayekufuata hatakuwa na njia ya kulijua. Na vijana wako waambie kwamba hutatangaza lolote kuhusu uenyekiti hadi suala la bustani limalizike, kwa sababu likigeuzwa kuwa silaha ya kura, Mzee atatetea heshima yake badala ya kutazama mto, na nusu ya mtaa itamuunga mkono kwa huruma. Mkilimaliza mapema, katiba ya jumuiya isomwe kwa sauti mbele ya wanachama, muda wa uongozi uheshimiwe, na ikiwa Mzee yuko tayari kupumzika, afanywe mlezi wa jumuiya kwa heshima kamili. Anastahili, na naisema bila kusita pamoja na yote uliyoyaandika. Ukigombea wakati huo, gombea kwa sababu unaitaka kazi.

Habari ya nauli na vocha iwe ajenda ya kikao hicho hicho. Kujitolea maana yake ni kutoa muda na akili. Haimaanishi kwamba mtu mmoja agharimie mawasiliano ya jumuiya nzima kwa miaka sita. Andika ulichotumia kwa miezi mitatu iliyopita, omba fungu dogo linalolipwa kwa stakabadhi, na omba katibu msaidizi. Ningependa awe mmoja wa akina mama wa bustani, anayejua kusoma na kuandika, akae karibu nawe na kaunta buku likiwa wazi kati yenu. Mumeo naye ameuliza swali zuri, na sidhani kama unahitaji mimi nikusaidie kumjibu. Utamjibu siku utakapotoka kikaoni ukiwa umeyasema uliyokwenda kuyasema.

Lakini kabla ya kikao, na hata kabla ya kwenda kwa Mzee, nenda kwa yule mama. Usiende na daftari. Mwambie kwamba kamati ilimfanyia kitu ambacho haikupaswa kukifanya na kwamba wewe ulikuwapo na ukaandika jina lake. Akiamua kunyamaza, mwache anyamaze. Mchukulie mbegu za mchicha, na umuulize kama angekubali mumtafutie kipande nje ya mpaka, kwa mwanachama mwenye ardhi isiyolimwa kiangazi hiki. Mchicha hauchukui zaidi ya wiki nne hivi kufika sokoni, kwa hiyo bado anaweza kupata kitu kabla ya mvua za vuli. Na kamati ikishapanga tarehe ya kupita upya kutoka juu, mpelekee taarifa wewe mwenyewe, ili siku hiyo aje ashike ncha moja ya kamba.